Robo Mzunguko

Mwenye kovu usidhani kapoa. Mzee Kipimo alikuwa na kovu la miaka kumi na moja, na kila Jumamosi asubuhi alilipaka mafuta.

Kovu hilo halikuwa mwilini. Lilikaa kwenye kabati la bati nyuma ya benchi lake la kazi, limefungwa kwenye kitambaa cha flana. Ndani ya kitambaa mlikuwa na vipande vitatu vya chuma: mkono mrefu kama wa mtoto, uma wenye meno mawili, na koleo la mdomo mwembamba kama wa ndege anyonyaye maua. Kando yake palikuwa na kopo la bati lenye vijumba, na katika kila kijumba visahani vidogo vya chuma vilivyopangwa kwa unene, chembamba mbele, kinene nyuma. Mzee alivifuta vyote kimoja kimoja, akavipaka mafuta ya cherehani, akavirudisha. Miaka kumi na moja hakuwa amevitumia hata mara moja.

Kwa asiyejua injini, jambo lenyewe ni hili. Magari ya dizeli ya zamani yana vali zinazofunguka na kufunga, na juu ya kila vali kuna kikombe cha chuma, na juu ya kikombe kuna kisahani ambacho mafundi hukiita shimu. Kati ya kisahani na shafti inayokisukuma lazima kuwe na mwanya, mdogo kuliko unene wa ukucha. Mwanya ukizidi, injini inagonga kama mtu anayetwanga kokoto. Mwanya ukipungua, vali haifungi sawasawa, nguvu inavuja, na asubuhi gari linakataa kuamka. Dawa yake ni kubadilisha kisahani. Lakini kisahani kimebanwa, hakitoki mpaka kikombe kibonyezwe chini kikae, na chombo cha kukibonyeza hakiuzwi dukani siku hizi. Mzee Kipimo alikichonga mwenyewe, kwa jani la springi ya lori, tupa mbili na wiki tatu. Katika mji mzima kilikuwa hicho kimoja tu.

Zamani aliitwa Kipimo kwa heshima, kwa sababu hakuamini sikio wala jicho, aliamini fila, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, na maikromita. Akimaliza kazi alichora vipimo kwa msumari upande wa ndani wa kifuniko cha injini, pamoja na tarehe, kisha akaweka alama yake, pembetatu ndogo. Mwenye gari hakuiona pembetatu ile, lakini fundi yeyote atakayekuja kufungua baada yake angeiona, na angejua kwamba hapo alipita mtu.

Na pembetatu hiyo ndiyo iliyommaliza.

Wakati ule alikuwa na gereji kubwa pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, kijana mwenye maneno matamu na koti jeupe la kazi ambalo halikuchafuka. Watu walimwita Injinia. Alikuwa amejifunzia kazi kwenye magari ya petroli, na petroli aliijua, hapo hakuna wa kumsema vibaya. Basi Mzee Kipimo akafiwa na baba yake mdogo, akaenda mazikoni siku mbili. Katika siku hizo mbili akaja Mkunga kulichukua gari lake la dizeli aliloliacha pale kabla ya msiba, gari lililomzungusha usiku na mchana kwa wazazi wa pande zote. Mkunga alisema hataki mkono mwingine ila wa Kipimo. Injinia akamwambia, "Mama, usiwe na shaka, vali ameshazipima mwenyewe kabla ya kuondoka, bado oili tu, rudi jioni." Akachukua kibonyezo, akafanya kazi, akachora vipimo, akachora tarehe ya siku moja kabla ya msiba, na chini yake akachora pembetatu.

Wiki moja baadaye kichwa cha vali kilikatika Mkunga akiwa barabarani. Kikaanguka ndani ya silinda, pistoni ikakisaga, injini ikapasuka ubavu. Mkunga alitembea kwa miguu saa tatu. Alipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa jirani muuza mkaa, na mama yake alikuwa amepoteza damu mpaka midomo imekuwa myeupe. Walipona wote wawili, lakini Mkunga hakusahau.

Kifuniko kililetwa gerejini mbele ya watu. Pembetatu ikaonekana. Mzee Kipimo akasema, "Sikuligusa gari hili." Injinia akaapa kwamba yeye alibadilisha oili tu. Tarehe ikasomwa. Mzee akaleta kibonyezo, akawaonyesha mikwaruzo mipya kwenye mpini, wakamtazama kama mtu anayewaonyesha nyayo za jini.

Yote hayo angeyameza. Lililomkaa kooni ni la mkewe. Mkewe alisimama katikati ya watu, akapiga magoti mbele ya Mkunga, akasema, "Mama, msamehe mume wangu. Alikuwa na habari za ugonjwa wa baba yake mdogo kichwani, hakulala, huenda alichanganya." Alimwombea msamaha kwa kosa asilolitenda. Kumpenda alimpenda, na kwa upendo huohuo akamzika. Tangu siku hiyo mji ukampa jina jipya, Pinda-Vali, na injini zikaacha kuja. Akabaki kutengeneza cherehani, pampu za maji na toroli. Injinia akapata kazi kwenye kampuni ya malori, akapanda, akawa mkuu wa karakana.

Mkewe hakuwahi kulitaja tena jambo lile. Alidhani anamsitiri.

*

Injinia alikuja Jumatatu, saa tisa alasiri, koti jeupe, kalamu mbili mfukoni.

"Hodi hapa!"

"Karibu, kama umekuja kwa heri."

"Heri tupu, shemeji. Siku nyingi."

"Nyingi. Kaa hapo, ila angalia lile koti, kigoda kina grisi."

Injinia akacheka, akabaki amesimama. Akazunguka na mazungumzo, akauliza afya, akauliza cherehani zinaendaje, akasifu kivuli cha bati. Mzee alikuwa ameshika bobini ya cherehani mkononi, anaikagua, hamharakishi. Mwenye shida huitoa mwenyewe.

"Chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu wa injini za dizeli za zamani," Injinia akasema mwishowe. "Wamenifikiria mimi. Kampuni nimechoka nayo, malori ya siku hizi ni kompyuta tupu. Pale chuoni mtu anakaa, anaheshimiwa. Sasa wamesema Alhamisi nikaonyeshe kazi mbele ya Mkuu wa Chuo na wanafunzi. Kupima vali na kubadilisha shimu."

"Hongera."

"Tatizo ni kifaa."

"Aa."

"Nimetafuta kila mahali, shemeji. Kipo chako tu."

Mzee Kipimo akaiweka bobini mezani. Moyo wake ulikuwa ukigonga kama vali iliyolegea, lakini uso ulikuwa umetulia kama sinia. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha flana, akakifungua juu ya benchi. Chuma kiling'aa.

"Mh!" Injinia akashusha pumzi. "Umekitunza."

"Mtu hutunza chake."

"Utaniazima kweli? Pamoja na... na yale ya zamani?"

"Yale ya zamani yana nini?"

Injinia akapapasa kalamu zake. "Hapana, nasema tu."

"Chukua. Na kopo la shimu chukua, na fila yangu pia. Nina ombi moja."

"Sema, shemeji, hata mawili."

"Tualike. Mimi na dada yako. Na Mkunga. Nataka watu wa zamani waone kazi ya zamani."

Injinia alikunja uso kidogo aliposikia la Mkunga, lakini sifa ni kileo, na alishaanza kulewa. Akafikiri Mkunga atamwona amevaa koti la ualimu. Akakubali. Akafunga kitambaa, akakikumbatia kifuani, akafika hadi mlangoni, kisha akasita.

"Shemeji, kuna lolote la kuniambia? Juu ya utaratibu, nasema."

Hapo ndipo palipokuwa na mlango, na Mzee Kipimo aliuona ukiwa wazi. Neno lenyewe lilikuwa dogo. Ukishapima mwanya, pistoni huwa imepanda juu kabisa. Kwenye petroli hilo si neno, nafasi ipo. Kwenye dizeli pistoni hupanda mpaka inakaribia kubusu vali, kwa hiyo kabla hujabonyeza lazima uizungushe injini robo mzunguko, pistoni ishuke, ndipo ubonyeze. Usipozungusha, vali inashuka juu ya pistoni kama mtu anayerukia sakafu ya saruji. Ukilazimisha, inapinda. Inapinda kidogo tu, huioni kwa macho, na wiki moja baadaye inakatika. Injinia hakulijua hilo miaka kumi na moja iliyopita. Mzee alimtazama usoni na akajua kwamba hata leo halijui, kwa sababu mtu aliyemsingizia mwenzake kosa lake hana haja ya kulichunguza.

"Wewe ndiye Injinia," akamjibu. "Mimi nimebaki na cherehani za kina mama. Nikuambie nini?"

"Kweli bwana," Injinia akacheka. "Mtu husahau kula?"

Akaenda zake. Mzee akaketi pale pale kwenye kigoda chenye grisi, akaichukua bobini, akaanza kuutia uzi kwenye tundu.

*

Jioni mkewe alipoambiwa, alikaa kitako kwa furaha.

"Umempa? Wewe? Kibonyezo?"

"Nimempa."

"Mungu mkubwa! Mimi nilijua tu, iko siku. Damu haiwi maji, baba." Akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Na ametualika! Nitakupigia pasi lile shati la buluu."

Siku tatu zile mkewe aliimba. Aliimba akifagia, aliimba akianika nguo, na Mzee Kipimo alisikiliza kila wimbo kama mtu anayesikia jino likikerezwa. Mara mbili alitaka kumwambia. Mara mbili alikumbuka magoti ya mkewe yakigusa sakafu yenye mafuta mbele ya watu wote, na sauti yake ikisema huenda alichanganya, na akanyamaza. Alimwambia maneno miaka kumi na moja. Maneno hayakusaidia. Sasa chuma kiseme.

Usiku alilala kama gogo. Tena alilala vizuri kuliko alivyolala tangu mazishi ya baba yake mdogo, na hakuona aibu kwa hilo.

*

Karakana ya chuo ilikuwa ndefu, madirisha juu, sakafu imepakwa rangi ya kijivu. Katikati, juu ya stendi ya chuma, ilikaa injini ya dizeli ya silinda nne, imeshafunuliwa kifuniko, shafti na vikombe vyake vinane vikiwa nje kama meno ya mtu anayecheka. Wanafunzi thelathini hivi walikaa kwenye mabenchi. Mkuu wa Chuo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, alikaa mbele na faili lake. Mkunga alikuwa upande wa kulia. Alikuwa amezeeka, amenenepa, anatembea na fimbo, lakini jicho lake lilikuwa lilelile. Alimwona Mzee Kipimo akiingia, akageuza shingo akatazama ukuta.

"Shikamoo, mama," mke wa Mzee akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe sina neno na wewe."

Injinia alianza vizuri sana. Alisema kwa sauti ya kutulia, akaeleza vali ni nini, akatania kwamba vali ni kama mlango wa nyumba ya mke mkali, usipofungwa vizuri hulali. Wanafunzi wakacheka. Mkuu wa Chuo akaandika kitu kwenye faili. Akaizungusha injini kwa spana mpaka silinda ya kwanza ikawa tayari, akapitisha fila. Kikombe cha kwanza, sawa. Cha pili, fila ikakataa kuingia.

"Huyu amebana," akatangaza. "Sasa tutambadilishia kofia."

Wakacheka tena. Mke wa Mzee Kipimo akamgusa mumewe kiwiko. "Unaona anavyojua kusema?" akamnong'oneza.

"Kusema anajua."

Injinia akaingiza uma, akaegemeza mkono wa kibonyezo chini ya shafti, akasukuma. Kikombe kikashuka unywele mmoja, kikagota. Akatoa, akapanga upya, akasukuma tena. Kikagota. Akavuta pumzi, akatabasamu kwa wanafunzi, akasukuma kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Uma ukateleza ukalia kwenye chuma, kengele mbaya.

"Kifaa chenyewe, mnaona, ni cha kienyeji," akasema. "Kimekaa muda mrefu."

Msichana mmoja wa benchi la nyuma akacheka puani. Jasho lilianza kumtoka Injinia chini ya masikio, na kola ya koti jeupe ikaanza kubadilika rangi.

"Kuna tatizo?" Mkuu wa Chuo akauliza.

"Hapana, mama. Dogo tu." Akageuka, na macho yake yakamtafuta mtu mmoja. "Shemeji! Hebu njoo kidogo."

Mzee Kipimo aliinuka. Hakuharakisha. Alipita mbele ya Mkunga, akasimama kando ya injini, mikono mgongoni, akainama akatazama kama daktari anayetazama ulimi.

"Mbona hakishuki?" Injinia akauliza kwa sauti ya chini, ametoa macho, kibonyezo mkononi, akili yote iko kwenye kikombe kile. Aliuliza kama fundi anavyomuuliza fundi mwenzake, bila koti, bila cheo. Na Mzee akamjibu kama fundi, polepole, lakini kwa sauti ya kufika kwenye mabenchi.

"Lile gari la Mkunga, nilipokuwa mazikoni. Vikombe vyake vilishukaje?"

"Vile niliongezea bomba kwenye mpini," Injinia akasema, "vikashuka."

Alikuwa ameshaanza kuangalia huku na huku kutafuta bomba. Ndipo alipolisikia neno lake mwenyewe, limetoka, limesimama katikati ya karakana, halirudi.

"Gari la nani?" Mkunga akauliza.

Fimbo yake ikagonga sakafu mara moja.

"Nimeuliza gari la nani lililoongezewa bomba?"

"Lako, mama," Mzee Kipimo akasema. "Sasa umesikia kwa aliyelishika."

Hakumtazama mkewe. Alitaka sana kumtazama, ndilo alilongoja miaka yote ile, lakini kwanza alikuwa na kazi. Akachukua spana kwenye meza, akamkabidhi Injinia.

"Zungusha."

"Shemeji, tafadhali..."

"Zungusha injini. Wanafunzi wamekuja kujifunza. Robo mzunguko. Taratibu. Hapo. Simama hapo." Akawageukia wanafunzi. "Pistoni ilikuwa juu. Alikuwa anaisukuma vali iigonge pistoni kichwani. Sasa imeshuka. Tazameni."

Akashika kibonyezo kwa vidole viwili, viwili tu, akainua vidole vingine hewani ili wavione. Kikombe kikazama bila sauti. Akakizuia kwa uma, akapitisha koleo, akachomoa kisahani, akakiweka kwenye kiganja cha Injinia.

"Kiko moto?" akamuuliza.

"Hapana."

"Basi usitetemeke, utakiangusha. Sasa waambie, mwalimu. Mtu asipozungusha robo, akaongeza bomba kwenye mpini, kinatokea nini?"

Injinia alitazama sakafu. "Vali inapinda."

"Sema kwa sauti. Yule binti wa nyuma hakusikia."

"Vali inapinda!"

"Ikishapinda?"

"Inakatika."

"Lini?"

"Baadaye. Barabarani."

"Na akiandika alama ya fundi mwingine kwenye kifuniko?"

Hapo Mkuu wa Chuo alisimama. "Nadhani inatosha, mzee wangu," akasema kwa upole, na akafunga faili. Mzee Kipimo akainamisha kichwa kwa adabu. Angeweza kuendelea mpaka jua lizame. Wapo wasemao kisasi ni kitamu mdomoni na kichungu tumboni. Hao hawajawahi kungoja miaka kumi na moja. Kilikuwa kitamu mdomoni, kikawa kitamu kooni, na tumboni kilifika kitamu vilevile.

Injinia alivua koti jeupe, akalikunja, hajui aliweke wapi, akatoka nalo mkononi kwa mlango wa nyuma. Hakuaga mtu, hata dada yake.

Mkunga akaja na fimbo yake mpaka kwenye stendi.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Miaka kumi na moja nikipita mbele ya geti lako natema mate."

"Nilikuwa naona."

"Sasa niyafute vipi?"

"Yalishakauka, mama. Lile gari jipya lako linagonga silinda ya tatu, nalisikia kila ukipita. Lilete Jumanne."

Mkunga akacheka kicheko kimoja kifupi kama kikohozi, akamshika bega, akalibana sana, akaenda.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mkewe, njia ya nyuma ya kiwanda cha matofali. Shati la buluu lilikuwa na doa la oili mkononi. Kitambaa cha flana kilikuwa chini ya kwapa lake. Mkewe hakuwa amesema neno tangu karakanani, na Mzee alikuwa ameandaa majibu ya kila aina: ya kulia, ya kuomba radhi, hata ya kumtetea kaka yake. Miaka kumi na moja alikuwa ameyaandaa.

"Ulijua atakosea," mkewe akasema.

"Nilijua."

"Alipokuja kukiazima, ulijua."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa naimba."

Mzee akatembea hatua kadhaa. "Ndiyo."

"Na kama asingekuita? Angeongeza bomba. Angeipinda vali ya chuo, halafu wiki ijayo wanafunzi wangeiwasha injini ile wameizunguka."

Hilo hakuwa ameliandalia jibu. Alifungua mdomo, akaona kichwani mwake mabenchi, msichana wa nyuma aliyecheka puani, mikono yao juu ya chuma. "Ningesimama," akasema.

"Ungesimama?"

"Ningesimama kabla hajasukuma."

Mkewe akamtazama muda mrefu, kama anavyotazama yeye maikromita. Hakusema anaamini wala haamini. Wakatembea. Walipofika kwenye mfereji, akamshika mkono wavuke, kisha hakuuachia.

"Nilipiga magoti," akasema.

"Niliona."

"Nilipiga magoti kwenye ile oili, mbele ya watu wote, nikamwombea radhi mume wangu, na yeye kasimama pembeni pale na lile koti lake. Kimya. Akaniacha nipige magoti." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na Mzee Kipimo, ambaye alimjua miaka thelathini na nane, akahisi nywele za mkono zikisimama. "Nilimlea mimi yule. Mama alipokufa, nilimbeba mgongoni mimi. Akaniacha nipige magoti."

"Mama..."

"Kesho asubuhi naenda kwake."

"Kumpa pole?"

"Pole ya nini? Atatoka na mimi nyumba kwa nyumba. Kila aliyekuwepo siku ile, mmoja mmoja. Fundi rangi, yule wa matairi, muuza mkaa, wote. Atagonga mlango, atasema kwa mdomo wake, si kwa kuponyokwa. Na asiyekuwepo nyumbani tutamngoja kibarazani mpaka arudi. Asipotaka, mimi si dada yake, na wanawe wasinijue shangazi."

Mzee Kipimo alitaka kusema basi, inatosha, tumeshapata chetu. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Akamtazama mkewe, taya limekaza, upindo wa kanga ameukunja ngumi, akakumbuka muuza mkaa anakaa mbali na jua la kesho litakuwa kali.

"Chukua mwavuli," akamwambia.